Marekani: Jinsi somo la kompyuta linavyohesabiwa katika kuhitimu sekondari

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi, mwanafunzi wa sekondari nchini Marekani aliweza kusoma sayansi ya kompyuta mwaka mzima, akafaulu vizuri, kisha akaambiwa kuwa kazi yote hiyo haikumpunguzia hata sharti moja la hisabati wala la sayansi. Kozi yake iliwekwa katika fungu la masomo ya hiari, sawa na upigaji picha au mapishi.

Hali hiyo imebadilika. Tangu mwaka 2010, jimbo baada ya jimbo limerekebisha sheria na kanuni zake ili kozi ya kompyuta ihesabiwe miongoni mwa masomo ya msingi yanayompatia mwanafunzi cheti cha kuhitimu. Baadhi ya majimbo yamekwenda mbali zaidi na kulifanya somo hilo kuwa la lazima.

Jambo hili linaweza kuonekana kuwa ni la makarani wa shule tu. Hata hivyo, namna somo linavyohesabiwa ndiyo huamua nani atalisoma, shule ipi italifundisha na mwalimu gani ataajiriwa. Makala haya yanaeleza mfumo huo ulivyo, ulikotoka, mabishano yaliyouzunguka, na mambo ambayo mzazi au ndugu mwenye mtoto katika shule za huko anapaswa kuyafahamu.

Mwanafunzi anahitimu vipi?

Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea mfumo ambao mtihani wa taifa ndio hakimu. Nchini Tanzania, Baraza la Mitihani hutunga mtihani wa kidato cha nne na matokeo yake ndiyo yanayotoa cheti. Nchini Kenya, mtihani wa KCSE umefanya kazi hiyo tangu mwaka 1989. Katika nchi zote mbili, somo la kompyuta limekuwa la kuchagua.

Marekani haina mtihani wa taifa wa kuhitimu sekondari. Katiba ya nchi hiyo haitaji elimu, na kwa sababu hiyo mamlaka juu ya shule yamo mikononi mwa majimbo 50. Wizara ya Elimu ya serikali kuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, imekatazwa kisheria kuzipangia shule mitaala. Bunge la jimbo au baraza lake la elimu ndilo linaloweka masharti ya chini, na wilaya za elimu zilizo chini yake zinaweza kuongeza masharti yao wenyewe.

Kipimo kinachotumika ni krediti. Kwa kawaida kozi ya mwaka mzima huwa krediti moja, na ya muhula mmoja huwa nusu krediti, ingawa yapo majimbo yanayotumia hesabu tofauti. Katika miaka minne ya sekondari ya juu, yaani darasa la tisa hadi la kumi na mbili, mwanafunzi hukusanya krediti hizo hadi zitimie. Majimbo mengi hudai kati ya krediti 20 na 24.

Asili ya kipimo hicho ni ya kale na ina kisa chake. Mwaka 1905, tajiri wa chuma Andrew Carnegie alianzisha wakfu wa kuwalipa maprofesa wa vyuo pensheni. Wakfu huo ulihitaji kujua ni chuo gani kinastahili kuitwa chuo. Ukaamua kuwa chuo cha kweli ni kile kinachodai mwanafunzi awe amemaliza vipimo 14 vya masomo ya sekondari, na kila kipimo kikakadiriwa kuwa saa 120 za darasani. Vyuo vilivyotaka pensheni vilikubali, na sekondari zilizotaka wanafunzi wake waingie vyuoni zikafuata. Ndivyo utaratibu wa pensheni ulivyogeuka kuwa ratiba ya shule za nchi nzima.

Krediti hizo hazikusanywi ovyo. Zimegawanywa katika mafungu: kwa kawaida nne za Kiingereza, tatu au nne za hisabati, tatu za sayansi, tatu au zaidi za jamii na historia, na nyingine za afya, michezo, sanaa au lugha ya kigeni. Zinazobaki ndizo za hiari. Somo lisilo na fungu lake huangukia huko.

Hapo ndipo tatizo la kompyuta lilipoanzia. Siku ya shule ina vipindi sita au saba. Mwanafunzi anapokwisha kujaza masomo ya lazima, pamoja na lugha ya kigeni inayodaiwa na vyuo vikuu, nafasi zinazobaki ni chache. Aliyeshindwa aljebra na kulazimika kuirudia hubaki na chache zaidi. Anayejifunza Kiingereza kama lugha ya pili, kama walivyo watoto wengi wa wahamiaji, naye huongezewa vipindi vya lugha. Somo la hiari, hata likiwa zuri kiasi gani, huwa la wale wenye nafasi ya ziada.

Pendekezo la mwaka 1983

Wengi hudhani kuwa wazo la kuliweka somo la kompyuta katika masharti ya kuhitimu limekuja na simu za kisasa. Ukweli ni kwamba lilitolewa rasmi Aprili 1983.

Mwezi huo, tume ya kitaifa kuhusu ubora wa elimu iliwasilisha ripoti yake iliyoitwa ‘A Nation at Risk’, ambayo ilionya kuwa elimu ya Marekani ilikuwa inazama. Tume ilitaja mambo matano ya msingi ambayo kila mhitimu wa sekondari alipaswa kuyasoma: miaka minne ya Kiingereza, mitatu ya hisabati, mitatu ya sayansi, mitatu ya masomo ya jamii, na nusu mwaka wa sayansi ya kompyuta.

Ripoti hiyo ilitikisa nchi. Majimbo mengi yaliongeza krediti za hisabati na sayansi katika miaka iliyofuata. Lakini ile nusu ya mwaka ya kompyuta, iliyokuwa ndogo kuliko mapendekezo yote, ndiyo iliyopuuzwa zaidi. Kompyuta zenyewe zilinunuliwa, lakini zilitumika kufundishia kuchapa na kuandika barua. Kuijua mashine kama mtumiaji kulichukuliwa kuwa ndiko kuisomea.

Mwaka 1984 taasisi ya College Board ilianza kutoa mtihani wa sayansi ya kompyuta katika mpango wake wa Advanced Placement, unaowawezesha wanafunzi wa sekondari kusoma kozi za kiwango cha chuo. Mtihani huo ulianza kwa lugha ya Pascal, ukahamia C++ mwaka 1999 na Java mwaka 2004. Kwa hiyo kozi ngumu na yenye heshima ilikuwepo. Kilichokosekana ni mahali pa kuihesabu.

Walioachwa nje

Athari za hali hiyo zilielezwa kwa kina mwaka 2008 na mtafiti Jane Margolis wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na wenzake, katika kitabu ‘Stuck in the Shallow End’. Walichunguza shule tatu za sekondari za jiji la Los Angeles. Waligundua kwamba shule zenye wanafunzi wengi weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini zilikuwa na kompyuta za kutosha, lakini kilichofundishwa humo kilikuwa stadi za juu juu. Fursa ya kujifunza jinsi programu zinavyoundwa ilikuwa haba, na waliofikiriwa kuiweza walikuwa wachache walioonekana tangu mapema kuwa na ‘kipaji’.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2010, chama cha wanasayansi wa kompyuta cha ACM na chama cha walimu wa somo hilo, CSTA, vilitoa ripoti iliyopima sera za kila jimbo. Ilibainika kuwa karibu theluthi mbili ya majimbo yalikuwa na viwango vichache mno vya somo hilo katika sekondari. Majimbo tisa tu ndiyo yaliyoiruhusu kozi ya kompyuta ihesabiwe kama hisabati au sayansi ya lazima. Hakuna jimbo hata moja lililoonekana kumdai kila mhitimu kozi ya sayansi ya kompyuta kwa maana yake halisi.

Takwimu za mitihani zilithibitisha hofu hiyo. Katika mtihani wa Advanced Placement wa mwaka 2013, watahiniwa wa somo la kompyuta nchi nzima walikuwa wapatao 30,000, na wasichana hawakufika asilimia 20. Katika majimbo matatu, yaani Mississippi, Montana na Wyoming, hakuna msichana hata mmoja aliyeufanya. Katika majimbo 11 hakukuwa na mtahiniwa mweusi.

Mwaka huo huo wa 2013, ndugu wawili wafanyabiashara wa teknolojia, Hadi na Ali Partovi, walianzisha shirika la Code.org. Pamoja na kampeni yake maarufu ya kuwataka watoto wajaribu kuandika programu kwa saa moja, shirika hilo lilifanya kazi nyingine isiyopigiwa tarumbeta: kuwashawishi wabunge wa majimbo wabadili kanuni za krediti. Kampuni kubwa za teknolojia ziliiunga mkono na kuifadhili. Wakosoaji walisema kampuni hizo zilikuwa zinajitafutia wafanyakazi kwa gharama za umma. Watetezi walijibu kuwa mtoto wa maskini ndiye anayeumia zaidi somo linapobaki la hiari.

Njia nne za kuhesabu

Majimbo hayakufuata njia moja. Kwa jumla zimejitokeza njia nne, na kila moja ina faida na hasara zake.

Njia ya kwanza ni kuihesabu kozi ya kompyuta kama hisabati. Jimbo la Washington, nyumbani kwa kampuni ya Microsoft, lilipitisha sheria mwaka 2013 iliyoruhusu kozi ya kompyuta ya Advanced Placement itimize sharti la hisabati au la sayansi. Hoja ni kwamba anayeandika programu hutumia mantiki, vigeu na hatua za kukokotoa, mambo ambayo mwanahisabati huyatambua. Walimu wengi wa hisabati hawakuridhika. Walisema mwanafunzi atakayeruka mwaka wa hisabati kwa kusoma kompyuta atafika chuoni akiwa na pengo, hasa akitaka kusomea uhandisi. Ndiyo sababu majimbo mengi huruhusu kompyuta ichukue nafasi ya krediti ya mwisho tu, baada ya aljebra na jiometri kukamilika.

Njia ya pili ni kuihesabu kama sayansi. Hapa pingamizi ni kwamba sayansi ya shuleni inahusu maumbile na majaribio ya maabara, na programu ya kompyuta si kiumbe cha asili. Hata hivyo, majimbo yanayodai krediti tatu za sayansi yameona ni rahisi kuiruhusu kompyuta iwe ya tatu, baada ya biolojia na somo jingine la maabara.

Njia ya tatu, yenye mabishano makali kuliko zote, ni kuihesabu kama lugha ya kigeni. Mwaka 2013 Texas ilipitisha sheria kubwa ya kurekebisha masharti ya kuhitimu. Kwa sheria hiyo, mwanafunzi anayedaiwa krediti mbili za lugha isiyokuwa Kiingereza anaweza kuzitimiza kwa krediti mbili za lugha za programu. Huko Florida, seneta Jeremy Ring, aliyewahi kuwa kiongozi katika kampuni ya Yahoo, alipeleka muswada wa namna hiyo mwaka 2016. Baraza la Seneti la jimbo liliupitisha, lakini ulikwama katika Baraza la Wawakilishi.

Walimu wa lugha walipinga kwa nguvu, na hapa hoja yao ni nzito. Neno ‘lugha’ limetumika katika maana mbili tofauti. Java haina wazungumzaji, haina salamu wala methali, haina bibi wa kuizungumza na mjukuu wake. Anayeijua hawezi kuitumia kumfariji mfiwa. Baadhi ya wanasayansi wa kompyuta nao hawakuifurahia njia hii, kwa kuwa inalipunguza somo lao kuwa kukariri sarufi ya mashine, ilhali kiini chake ni kutatua matatizo.

Njia ya nne ni kulipa somo fungu lake lenyewe, yaani kuongeza sharti jipya katika orodha. Hii ndiyo iliyo wazi zaidi na ndiyo ghali zaidi, kwa sababu inaidai kila shule iwe na mwalimu.

Kuruhusu, kutoa na kulazimisha

Msomaji anapokutana na habari kuwa jimbo fulani ‘limepitisha somo la kompyuta’, ni vema aulize limefanya lipi kati ya mambo matatu. Huenda limeruhusu kozi ihesabiwe. Huenda limeziagiza shule zote ziitoe kozi hiyo. Au limemdai kila mwanafunzi aisome. Mambo hayo hayalingani uzito.

Kuruhusu hakugharimu fedha nyingi, na ndiyo maana karibu majimbo yote yamekwisha kufanya hivyo. Lakini ruhusa haimsaidii mwanafunzi ambaye shule yake haina kozi. Kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2024 ya Code.org na washirika wake, asilimia 60 ya sekondari za umma zilikuwa zinatoa angalau kozi moja ya msingi ya sayansi ya kompyuta, kutoka asilimia 35 mwaka 2018. Shule ndogo, za vijijini na za maeneo maskini ndizo zilizokuwa nyuma. Aidha, kozi kuwepo si sawa na kusomwa: katika majimbo yenye takwimu, wanafunzi waliosoma kozi hizo kwa mwaka walikuwa takriban asilimia 6.4 ya wanafunzi wote wa sekondari ya juu, na wasichana walikuwa theluthi moja ya hao.

Jimbo la Arkansas linatoa mfano mzuri wa hatua zote tatu. Si jimbo tajiri, na uchumi wake unajulikana zaidi kwa kilimo na ufugaji wa kuku. Mwaka 2015 gavana Asa Hutchinson alisaini sheria ya kuzitaka sekondari zote za umma zitoe kozi ya sayansi ya kompyuta. Mwaka 2021 sheria nyingine ilifanya krediti moja ya somo hilo kuwa ya lazima kwa wanafunzi walioingia darasa la tisa mwaka wa masomo wa 2022/23, na ikaziagiza shule ziwe na mwalimu mwenye sifa za kulifundisha. Miaka sita iliyopita kati ya sheria hizo mbili ilitumika kuandaa walimu. Kwanza walitafutwa walimu, kisha ndipo likaja sharti.

Jiji la Chicago lilifuata mpango unaofanana na huo. Februari 2016, bodi ya shule za umma za jiji hilo iliamua kuwa sayansi ya kompyuta itakuwa sharti la kuhitimu, kuanzia kwa wanafunzi walioingia darasa la tisa mwaka huo. Lakini kazi ilikuwa imeanza kabla ya hapo. Walimu wa masomo mengine walikuwa wamefundishwa mtaala wa ‘Exploring Computer Science’, uliobuniwa Los Angeles kutokana na utafiti wa Margolis na wenzake, kwa msaada wa vyuo vikuu vya jijini Chicago.

South Carolina inatoa funzo la upande wa pili. Jimbo hilo lilikuwa na krediti moja ya ‘sayansi ya kompyuta’ katika masharti yake kwa miaka mingi, na kwa karatasi lilionekana kuwatangulia wenzake. Lakini katika orodha ya kozi zilizokubaliwa ilikuwamo ya kuchapa kwa kibodi, na wanafunzi wengi walihitimu kwa kozi za aina hiyo. Mamlaka za jimbo ziliibadili orodha hiyo mwishoni mwa miaka ya 2010. Mkasa huo unaonyesha kuwa kanuni inaweza kutimizwa kikamilifu bila lengo lake kutimia.

Majimbo mengine yameingia katika safari hiyo kwa kasi tofauti. Nevada ilipitisha sheria mwaka 2017 ya kudai nusu krediti ya elimu ya kompyuta na teknolojia. Tennessee na Nebraska zilipitisha sheria zao mwaka 2022, ya kwanza ikidai mwaka mzima na ya pili muhula mmoja. North Carolina ilifuata mwaka 2023 na Indiana mwaka 2024. Kufikia mwaka huo wa 2024, majimbo 11 yalikuwa yameweka sharti la namna hiyo, ingawa katika baadhi yake utekelezaji ulipangwa kuanza miaka kadhaa mbele.

Serikali kuu nayo haikukaa kimya, ingawa haina mamlaka ya kuamuru. Sheria ya elimu iliyosainiwa Desemba 2015 iliitaja sayansi ya kompyuta miongoni mwa masomo yanayounda elimu kamili, hatua iliyofungua mlango wa kutumia fedha za serikali kuu. Januari 2016, Rais Barack Obama alitangaza mpango wa somo hilo kwa wote na kuomba dola bilioni 4 kwa ajili ya majimbo, lakini Bunge halikuzitoa. Septemba 2017, Rais Donald Trump aliiagiza Wizara ya Elimu itenge angalau dola milioni 200 kwa mwaka kutoka katika ruzuku zake kwa ajili ya sayansi, teknolojia na kompyuta.

Mwalimu atoke wapi?

Katika mijadala yote hii, swali gumu kuliko yote ni la mwalimu. Aliyehitimu sayansi ya kompyuta chuoni huajiriwa na kampuni kwa mshahara ambao shule haiwezi kuulipa. Kwa hiyo walimu wengi wa somo hilo wametoka katika hisabati, biashara, hata historia, wakajifunza kazini.

Leseni zimeongeza ugumu. Zamani, baadhi ya majimbo hayakuwa na leseni ya mwalimu wa kompyuta kabisa. Mengine yaliidai leseni ambayo hakuna chuo cha ualimu ndani ya jimbo kilichoitayarishia. Hapo ndipo fungu la krediti linapogusa ajira moja kwa moja. Kozi ikihesabiwa kama hisabati, je, mwalimu awe na leseni ya hisabati? Ikihesabiwa kama somo la ufundi, je, mwalimu wa hisabati anaruhusiwa kuifundisha? Majibu ya majimbo yametofautiana, na mwalimu anayehama jimbo anaweza kujikuta hana sifa upande wa pili wa mpaka.

Kuna pia suala la nafasi. Ratiba ya shule ni kama chombo kilichojaa: ukiongeza kitu, kingine kitatoka. Walimu wa muziki, sanaa na ufundi wameeleza hofu kuwa sharti jipya litawanyang’anya wanafunzi. Jibu la baadhi ya majimbo limekuwa kuchukua krediti moja kutoka fungu la hiari, jambo ambalo halibadili jumla lakini hupunguza uhuru wa mwanafunzi kuchagua.

Chuo kikuu kinahesabu vyake

Kosa ambalo familia nyingi huliona kwa kuchelewa ni kudhani kuwa kinachohesabiwa na jimbo kinahesabiwa pia na chuo kikuu. Hizo ni orodha mbili tofauti.

California iliiona hatari hiyo mapema. Sheria yake ya mwaka 2014 iliziruhusu wilaya zinazodai zaidi ya kozi mbili za hisabati kuihesabu kozi moja ya kompyuta katika hisabati. Lakini iliweka sharti kuwa kozi hiyo iwe imekwisha kukubaliwa na Chuo Kikuu cha California katika fungu lake la hisabati. Maana yake ni kwamba mwanafunzi asingeweza kupewa kwa mkono mmoja kile atakachonyang’anywa kwa mkono wa pili. Baadaye chuo kikuu hicho kilifungua pia fungu lake la sayansi, ili kozi ya kompyuta iweze kukubalika kama sayansi ya mwaka wa tatu.

Si kila jimbo lina ulinzi huo. Mwanafunzi wa Texas aliyetimiza sharti la lugha kwa kuandika programu amehitimu sekondari kihalali. Lakini chuo kikuu cha jimbo jingine kinachotaka miaka miwili ya Kihispania, Kifaransa au Kiswahili hakilazimiki kuikubali Java badala yake.

Je, sharti hilo lina manufaa?

Ushahidi bado unakusanywa, kwa kuwa makundi ya kwanza ya wanafunzi waliobanwa na sharti hilo ni ya hivi karibuni. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland, wakitumia kumbukumbu za wanafunzi wa jimbo hilo, ulionyesha kuwa kusoma kozi ya kompyuta sekondari kuliongeza uwezekano wa mwanafunzi kuchagua fani hiyo chuoni kwa pointi 10 za asilimia, na wa kupata shahada yake kwa pointi 5. Mapato ya mwanzo wa kazi nayo yalipanda.

Kwa upande mwingine, umezuka mjadala mpya. Programu za akili mnemba sasa zinaandika sehemu kubwa ya kazi ambayo zamani ilimhitaji mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwezi Februari 2024, mkuu wa kampuni ya Nvidia, Jensen Huang, alisema mjini Dubai kuwa lengo liwe kutengeneza kompyuta ambazo hazitamlazimu mtu yeyote kujua kuandika programu. Mei 2025, viongozi zaidi ya 200 wa kampuni walichapisha barua ya wazi wakitaka kinyume chake: sayansi ya kompyuta pamoja na akili mnemba viwe sehemu ya lazima ya mitaala.

Walimu wengi wanaona kuwa hoja hizo mbili hazigongani kama inavyodhaniwa. Anayeelewa jinsi data zinavyokusanywa, jinsi kanuni za kukokotoa zinavyofikia uamuzi na jinsi zinavyoweza kukosea, ana la kusema mashine inapomnyima mkopo au kazi, hata asipoandika mstari mmoja wa programu maishani mwake. Wanachobishania ni kama kozi zinazofundishwa sasa zinampa uelewa huo, au zinamfundisha lugha ambayo mashine inaiandika vizuri kuliko yeye.

Mambo ya kuuliza

Kwa mzazi au mlezi mwenye mtoto katika shule za Marekani, washauri wa masomo shuleni ndio wa kuwaona kwanza, na ni vizuri kuwaona kabla ya kuanza darasa la tisa. Maswali yanayofaa ni haya:

Je, kozi hii ya kompyuta inaingia fungu gani katika cheti cha kuhitimu: hisabati, sayansi, lugha, fungu lake lenyewe au hiari?

Je, fungu hilo linaandikwa hivyo hivyo katika nakala rasmi ya matokeo inayopelekwa vyuoni?

Je, vyuo vikuu tunavyovifikiria vinaikubali katika fungu hilo hilo, au vitataka somo jingine juu yake?

Je, tukihamia jimbo jingine kabla ya kuhitimu, krediti hii itahama nayo, au itashuka na kuwa ya hiari?

Je, mtoto akiichukua kozi hii badala ya mwaka wa nne wa hisabati, ni fani zipi atakuwa amejifungia?

Swali la nne ni muhimu kwa familia za wahamiaji, ambazo aghalabu huhama kufuata kazi. Mtoto aliyefika darasa la kumi na moja katika jimbo lenye sharti jipya, akitoka lisilo nalo, anaweza kulazimika kuibana kozi hiyo katika mwaka wake wa mwisho.

Kundi la kwanza la wanafunzi wa Arkansas wanaobanwa na sharti la krediti moja ni la wanaohitimu mwaka 2026. Mwaka huo huo, North Carolina imepanga sharti lake lianze kwa wanaoingia darasa la tisa. Ni miaka 43 tangu tume ya mwaka 1983 ilipoomba nusu mwaka tu.